Namna ya Kusoma Rekodi ya Bingwa wa Kike wa Jiu-jitsu

Mtu akikuambia kwamba mwanamke fulani ni bingwa wa dunia wa jiu-jitsu, mchezo wa kukabana na kumdhibiti mpinzani chini, muulize kwanza ni bingwa wa mashindano yapi. Mchezo huu hauna chombo kimoja kinachotoa taji la dunia kwa namna ambavyo FIFA hutoa Kombe la Dunia la mpira wa miguu. Shirikisho la IBJJF, lenye asili yake Brazil, huandaa mashindano ya dunia ya wanaovaa gi, yaani koti na suruali nzito mithili ya zile za judo, na mengine ya wasiovaa. Mashindano ya ADCC, yaliyoanzishwa Abu Dhabi mwaka 1998 na Sheikh Tahnoun bin Zayed Al Nahyan, hupiganwa bila gi na kwa kawaida huja kila baada ya miaka miwili. Shirikisho la JJIF hukutanisha timu za taifa, na kampuni ya ONE Championship ya Singapore hutoa mkanda wa ubingwa wa mieleka ya kusalimisha, ambamo hakuna ngumi wala teke, bali kabali na kukunja viungo mpaka mpinzani agonge kwa mkono kuonyesha kwamba amesalimu amri. Mwanamke mmoja anaweza kuwa na mataji matatu ya namna hiyo, na wanawake watatu wanaweza kuitwa mabingwa wa dunia katika mwaka mmoja bila yeyote kati yao kusema uongo.

Ukishajua shirika, tazama mkanda, yaani ngazi ya ujuzi ya mchezaji, na umri. IBJJF ina mikanda mitano kwa watu wazima, nayo ni mweupe, buluu, zambarau, kahawia na mweusi, na watu wa kila mkanda hushindana wao kwa wao. Aidha, waliofikisha miaka 30 wana madaraja yao ya wakongwe. Kwa hiyo maneno "bingwa wa dunia" yanaweza kumhusu mwanamke wa miaka 36 mwenye mkanda wa buluu, na heshima yake ni ya haki, lakini taji lake halilingani na la mkanda mweusi wa daraja la watu wazima, ambako kila pambano huchukua dakika 10 na karibu kila mpinzani ameufanya mchezo huu kuwa kazi yake ya kila siku.

Jambo la uzani ndilo linalohitaji subira kubwa zaidi, na ndilo ambalo wasomaji wengi huliruka. Kwa wanawake wanaovaa gi, madaraja ya IBJJF huanzia chini ya kilo 48.5 na kupanda kwa hatua ndogo ndogo mpaka zaidi ya kilo 79.3, na mshiriki hupimwa muda mfupi kabla ya pambano lake la kwanza akiwa amevaa gi, hivyo hana nafasi ya kujikausha maji siku moja kabla na kuyarudisha usiku. ADCC haikuwa hivyo. Mwaka 2022, mjini Las Vegas, wanawake walikuwa na madaraja mawili tu, chini ya kilo 60 na zaidi ya kilo 60. Mwanamke kama Mayssa Bastos wa Brazil, ambaye mataji yake makubwa ya gi aliyapata katika daraja dogo kuliko yote, angelazimika kukutana na wanaomzidi kilo kumi au zaidi. Nafasi ikiwa tupu katika rekodi ya mwanamke mwepesi, usikimbilie kusema kwamba hakuwa na uwezo, kwa maana pengine hapakuwa na mlango wa kuingilia. Mwaka 2024 madaraja ya wanawake ya ADCC yaliongezwa kuwa matatu, la kwanza likiishia kilo 55, pamoja na pambano la wazi lisilo na kikomo cha uzito. Adele Fornarino wa Australia alishinda daraja hilo la kilo 55 na kisha akashinda pia pambano la wazi dhidi ya wanawake wazito kuliko yeye. Kwa maoni yangu, matokeo hayo mawili yakiwekwa pamoja yanaeleza ubora wake kuliko orodha ndefu ya medali za mashindano madogo. Vivyo hivyo, unaposoma mataji manne ya ADCC ya Gabi Garcia, ya 2011, 2013, 2017 na 2019, kumbuka kwamba yote ni ya daraja la zaidi ya kilo 60, daraja lisilo na dari, na yeye alikuwa na mwili mkubwa kuliko wapinzani wake wengi. Hilo halimpunguzii kitu, bali linakusaidia kujua alichokuwa akikitegemea.

Baada ya uzani, soma matokeo kwa jicho la kanuni zilizotumika. Katika IBJJF, kumpanda mpinzani kifuani hupewa pointi 4 na kumdhibiti mgongoni pointi 4, ilhali katika ADCC kifua ni pointi 2 na mgongo ni pointi 3. Katika ADCC nusu ya kwanza ya pambano haina pointi, ili washindani wathubutu kutafuta kabali bila hofu ya kupoteza nafasi, na mtu anayejiketisha chini kwa hiari yake baada ya pointi kuanza kuhesabiwa hukatwa pointi moja. Ndiyo maana mwanamke hodari wa kupigania chini, ambaye katika gi hukaa tu na kuanza kazi yake, anaweza kuonekana mnyonge anapohamia ADCC, hali mwenye asili ya judo au mieleka, anayejua kupiga ngwala, huona kanuni hizo zikimfaa. ONE haihesabu pointi kabisa. Pambano lisipomalizika kwa kusalimu amri, waamuzi hupima ni nani aliyemkaribia mwenzake zaidi kwa kabali au kwa kukunja kiungo. Danielle Kelly wa Marekani alitwaa mkanda wa kwanza wa ubingwa wa uzani wa atomu, daraja la wepesi, kwa wanawake huko mwaka 2023 kwa kumshinda Jessa Khan, na Bastos akamnyang'anya mwaka 2024 kwa uamuzi wa waamuzi.

Namna ya ushindi nayo iandikwe pembeni ya kila pambano, iwe ni kusalimisha, pointi, uamuzi au ushindi wa mezani. Katika IBJJF, wanaotoka chuo kimoja cha mazoezi wakikutana fainali wameruhusiwa kwa miaka mingi kugawana nafasi bila kupigana, kwa hiyo kuna dhahabu ambazo fainali yake haikuchezwa.

Usisahau mwaka. Yvone Duarte, anayetambuliwa kuwa mwanamke wa kwanza kupata mkanda mweusi wa jiu-jitsu ya Brazil, aliupata mwaka 1990. Mashindano ya dunia ya IBJJF yalianza 1996, na wanawake waliingizwa 1998, tena kwa madaraja machache na mikanda tofauti ikichanganywa. ADCC ilifungua milango kwa wanawake mwaka 2005, na Kyra Gracie akashinda mwaka huo, kisha 2007 na 2011. Anayemlinganisha yeye na mabingwa wa leo kwa kuhesabu medali tu anamwonea, kwa sababu katika ujana wake mashindano yenyewe yalikuwa ya kuhesabika.

Hatimaye soma vipigo, kwani humo ndimo maendeleo huonekana wazi kuliko kwenye ushindi. Ffion Davies wa Wales, aliyeanzia kwenye judo, alifika fainali ya ADCC ya chini ya kilo 60 mwaka 2019 akashindwa na Bianca Basilio wa Brazil, na miaka mitatu baadaye alirudi akachukua dhahabu kwa kumshinda Brianna Ste-Marie wa Kanada. Tafuta video za fainali hizo mbili, anza na ile aliyoshindwa, na uandike ni wapi alipokwama. Ukimaliza, itazame ile ya 2022 ukiwa na karatasi yako mkononi.