Piga hesabu kabla ya kusaini: bei ya kila mtaji

Siku mkopo wangu wa kwanza ulipoingia, nilimpigia mama simu huku nacheka. Miezi mitatu baadaye, kila ikikaribia tarehe 28 nilikuwa nazima simu. Biashara ilikuwa inakwenda: nauza samaki wa Feri kwa oda za WhatsApp, madeli mawili ya barafu, bodaboda mmoja wa kukodi. Kilichoniangusha ni hesabu ambayo sikuipiga.

Karatasi ilisema riba asilimia 3.5 kwa mwezi. Nilichukua milioni 6 kwa miezi 12. Kumbe riba inapigwa juu ya milioni 6 zote mpaka mwezi wa mwisho, hata deni likiwa limebaki laki tano. 210,000 mara 12 ni 2,520,000, rejesho likawa 710,000 kila mwezi. Kama riba ingepigwa kwenye deni lililobaki tu, rejesho hilohilo ni sawa na karibu asilimia 6 kwa mwezi. Basi usimuulize afisa mikopo "riba asilimia ngapi?" Mwambie akuandikie jumla utakayorudisha, pamoja na ada ya fomu, bima na faini ya kuchelewa. Akikwepa, nyanyuka uende. Watu hawakuiita mikopo hiyo kausha damu kwa utani.

Na hata mkopo wenye riba nafuu, ununulie kitu ambacho kimeshaanza kuingiza pesa. Mimi sehemu kubwa niliipeleka kutengeneza programu ya simu ambayo wateja hawakuitaka, WhatsApp iliwatosha.

Kwa hiyo anza kwa mteja mwenyewe. Migahawa miwili ya Sinza ilikubali kunilipa wiki nzima kabla, nikawapunguzia shilingi 500 kwa kilo. Kwa kilo 60 ni elfu 30 kwa wiki. Hiyo ndiyo bei niliyolipa kwa pesa yao.

Kikoba ni kizuri, ila dhamana yake ni uso wako mtaani. Pesa ya ndugu iandikieni karatasi: ni mkopo, zawadi au hisa? Mjomba wangu alitoa laki 8, na mpaka leo hakuna msiba tunaokutana asiniulize gawio.

Halmashauri zinatenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Mkopo huo hauna riba, lakini kwa kawaida unapitia kwenye kikundi kilichosajiliwa, na mwenzenu mmoja akikimbia, deni mnabaki nalo nyinyi.

Ruzuku nayo haichukui hisa. Tony Elumelu Foundation, taasisi ya Nigeria inayosaidia wajasiriamali wa Afrika, kwa mfano, hutoa dola 5,000 zisizorudishwa. Bei yake ni muda: nilikaa wiki tatu naandika maombi ya ruzuku moja (sikuipata), wateja wanne wakahama.

Hisa ndiyo pesa inayoonekana rahisi kuliko zote kwa sababu haina rejesho. Wengi watakuletea SAFE, mkataba uliobuniwa na Y Combinator, kampuni ya Marekani inayowekeza kwenye biashara changa, mwaka 2013: unapokea pesa leo, hisa zinatoka baadaye. Angalia kikomo cha thamani kilichoandikwa, yaani thamani ya juu kabisa ya kampuni itakayotumika kuhesabu hisa za mwekezaji, na kama kinahesabiwa baada ya pesa za mikataba hiyo kuingia. Kama ndivyo, dola 50,000 kwa kikomo cha 500,000 ni asilimia 10 ya kampuni. Ukisaini nyingine ya 100,000 kwa kikomo cha 1,000,000, ni 10 tena, na zote mbili zinatoka kwenu waanzilishi. Mmebaki na 80. Akija mwekezaji mkubwa akachukua 20, na 10 ikatengwa kwa wafanyakazi, mnabaki na 56. Mkiwa wawili, kila mmoja 28. Andika namba hizo kwenye daftari kabla ya kikao, maana ukiwa kikaoni utakuwa unasikia neno "dola" tu.

Halafu tafuta wakili asiyelipwa na mwekezaji. Wangu nilimlipa laki 3 kusoma kurasa sita. Alikata mstari mmoja tu, uliosema matumizi yoyote yanayozidi milioni 1 kwa mwezi yapate kibali cha mwekezaji. Barafu peke yake ilikuwa inapita hapo.