Tumbusi Wakishuka Malishoni, Usikimbilie Kisu

Kundi la tumbusi likizunguka juu saa nne asubuhi, bado halijakuambia kitu. Limengoja ardhi ipate joto, hewa ya moto ilipandishe, ndipo lianze kutafuta. Mtazame yule anayeacha kuzunguka, akateremka kwa kasi miguu ikining'inia. Wenzake walio mbali humfuata yeye kabla hawajauona mzoga. Kwa mfugaji wa Kiruhura au Nakasongola, wilaya za ufugaji huko Uganda, ambako ng'ombe anaweza kufia kichakani mchungaji asijue, hiyo ni taarifa ya bure.

Nenda, ila simama mbali kwanza. Wakikaa mitini bila kushuka, huenda fisi, chui au mbwa bado yuko kwenye mzoga. Wakiwa wanakula, mkubwa mwenye kipara chekundu ndiye apasuaye ngozi ngumu. Wenye mgongo mweupe huja wengi na kuzamisha shingo ndani. Mdogo mwenye mdomo mwembamba huokota mabaki pembeni, kaloli, yule korongo mkubwa mwenye kipara, naye akivizia lake. Wengi wetu huwasingizia kwamba wameua ndama. Mara nyingi ndama alishakufa, wao wamefika mazishini.

Sasa mwangalie ng'ombe mwenyewe. Kama jana alikuwa mzima, na damu nyeusi isiyoganda inamtoka puani au nyuma, shuku kimeta. Usimchune, usigawe nyama, hata kama majirani wamefika na masufuria. Mzoga ukipasuliwa, vimelea hugeuka mbegu zinazokaa udongoni miaka mingi. Hapo hata tumbusi wazuie: funika kwa turubai au matawi ya miiba, mwite daktari wa mifugo asimamie kuchoma au kuzika kwa kina.

Ukikuta ndege wamekufa kando ya mzoga, shuku sumu. Funga mbwa, ondoa ng'ombe, usiguse kitu, ita askari wa wanyamapori. Machi 2021 huko Ishasha, katika Hifadhi ya Queen Elizabeth nchini Uganda, simba sita walikutwa wamekufa, na tumbusi kando yao. Sumu aliyotegewa simba humaliza ndege wengi kwa mlo mmoja, nao hutaga yai moja tu kwa msimu.

Jambo lisilosemwa sana ni dawa ya maumivu iitwayo diklofenaki. Huko India na Pakistani iliangamiza tumbusi waliokula ng'ombe waliotibiwa nayo, kwa kuharibu figo zao. Mwombe daktari wako atumie meloksikamu badala yake. Ng'ombe aliyekufa akiwa bado kwenye diklofenaki, mzike siku hiyohiyo.