Helmeti Haitakulipia Deni: Ukipanda Baiskeli Ujerumani

Kila ndugu anayekuja huku kwa mafunzo ya uuguzi au masomo ananiuliza swali lile lile: helmeti ni lazima? Si lazima. Kwa baiskeli ya kawaida, hata ile ya umeme inayokusaidia hadi kilomita 25 kwa saa, hakuna sheria inayokubana. Vaa hata hivyo. Yangu ilipasuka ubavuni, kichwa kikabaki kizima. Lakini kwa kuhangaika na helmeti nilisahau kuuliza mambo mawili yaliyokuja kuniumiza: nipite upande gani, na nikimgonga mtu nani atalipa.

Naishi Münster, mji wa baiskeli hasa. Novemba ile nilikuwa nawahi zamu ya asubuhi, saa kumi na mbili kasoro robo, giza na manyunyu. Nyumba ya wazee ninakofanya kazi iko upande wa kushoto wa barabara. Kuvuka kihalali maana yake kusubiri taa mara mbili, basi nikashika njia ya baiskeli ya kushoto, mita 200 tu. Sisi tumelelewa kushoto. Mwili wenyewe unakupeleka huko. Huku ni kulia, na njia ya baiskeli ya kushoto hairuhusiwi mpaka kuwe na kibao kinachoruhusu. Mama mmoja mzee akaja kutoka mbele, upande wake halali. Tukavaana. Nilipoinuka niliona miwani yake juu ya majani yaliyolowa, kioo kimoja hakipo, na mkono wake umepinda juu kidogo ya kifundo.

Nikapiga magoti, nikamshika bega. Kwetu hapo unasema pole, kisha unasema samahani, kisha unajishusha zaidi ili mwenzako apoe. Nikasema kwa Kijerumani changu cha B1, yaani ngazi ya kati: kosa ni langu lote, nitalipa kila kitu. Kwetu hayo ni maneno ya utu. Polisi aliyefika aliyaandika neno kwa neno.

Tafadhali sana: mpe majeruhi msaada, piga 112, mpe pole, toa jina na anwani yako kwa polisi. Zaidi ya hapo una haki ya kunyamaza kuhusu nani mkosaji. Usikiri, usiahidi malipo, usisaini karatasi yoyote pale barabarani. Na usitafute kuyamaliza pembeni. Huku hakuna pembeni.

Faini ilikuwa euro 35. Nilipoandika kwenye kundi la ukoo, kaka yangu akajibu: "Umepona! Huku ungezungushwa kituoni na fomu ya polisi, PF3, mwezi mzima." Nami nikaamini yameisha.

Barua zikaanza Februari. Ya kwanza ilitoka bima ya afya ya yule mama: gharama za upasuaji, chuma alichowekewa mkononi, mazoezi ya viungo. Bima ilimtibu, kisha sheria inairuhusu imgeukie aliyesababisha. Ya pili ilitoka kwa wakili wake: fidia ya maumivu, miwani, baiskeli, na mtu wa kumpikia kwa wiki alizokuwa na mkono mmoja. Jumla ilipita euro 9,000. Nalipa 200 kila mwezi kutoka kwenye mshahara wa mwanafunzi wa uuguzi, na hela ya ada ya mdogo wangu ndiyo iliyokatika kwanza.

Yote hayo yangelipwa na bima ya dhima binafsi, Wajerumani wanaiita Haftpflicht. Ya mtu mmoja hupatikana kwa chini ya euro 100 kwa mwaka. Kwa mwaka! Sikuwa nayo kwa sababu hailazimishwi, na sisi bima tunaikata pale trafiki anapoidai. Sheria ya madai ya huku haiweki kikomo: ukimdhuru mtu kwa uzembe unalipa mpaka liishe, hata kama ulikuwa na baiskeli ya mtumba ya euro 60. Narudia, maana najua mtasoma na kupita: ikate kabla ya kununua baiskeli. Ukiikata baada ya ajali haisaidii ajali ile.

Ukiichagua, tazama kiwango inachoweza kulipa kisiwe chini ya euro milioni 10, na uombe kipengele cha Forderungsausfall, kinachokulipa wewe ukigongwa na mtu asiye na bima wala uwezo. Skuta ya umeme haimo. Ina bima yake na kibao chake.

Taa, breki mbili, kengele: fundi yeyote atakuwekea. Ukiwa na mtoto wa chini ya miaka 8, apite njia ya miguu, nawe unaruhusiwa kuandamana naye hapo.

Wapo watakaokutajia hukumu ya tarehe 17 Juni 2014. Mwanamke wa Glücksburg aligonga mlango wa gari uliofunguliwa ghafla mwaka 2011, hakuwa na helmeti, na mahakama ya Schleswig ikamtwisha asilimia 20 ya lawama. Mahakama Kuu ya Shirikisho kule Karlsruhe ikaifuta. Hukumu nzuri, lakini inamlinda aliyeumizwa. Wewe uliyeumiza haikuhusu.

Na ninyi mlio nyumbani, shangazi zangu na wajomba, naomba kwa heshima: acheni kutuambia kwamba mwenye chombo kikubwa ndiye mkosaji siku zote. Na msimwambie mtoto anayekuja kwamba baiskeli haina masharti. Ukipita taa nyekundu kwa baiskeli ni euro 60 na pointi moja inaandikwa Flensburg, kwenye daftari la makosa ya barabarani, hata kama hujawahi kuwa na leseni ya gari.

Mwanzoni watu waliponipigia kelele "upande siyo!" niliona ni dharau kwa sababu ya rangi yangu. Wapo wa hivyo, sitawatetea. Lakini nimewaona wakimfokea hivyo hivyo profesa wao mwenye mvi. Mjerumani anaihesabu kanuni ya barabara kama mali ya wote, na anayeivunja amemwibia yeye. Sipendi wanavyofoka. Ila kama mmoja angenifokea asubuhi ile kabla ya zile mita 200, ningemshukuru.

Kwa dada zangu wenye rasta au nywele nyingi: fungeni nywele chini kisogoni, msizipandishe utosini, na nunueni saizi inayofuata yenye gurudumu la kukazia nyuma. Helmeti inayoelea juu ya nywele huteleza unapoanguka. Mwenye hijabu avae kitambaa chembamba cha ndani, bila pini upande ule mkanda unapopita.