Oili Inapovuja kwenye Injini ya Gari la Zamani

Kabla fundi hajafungua hata bolti moja, hakikisheni mmejua oili inatokea wapi, kwa sababu oili huteremka, na gari likiwa kwenye mwendo upepo huisukuma nyuma; ndiyo maana watu wengi hubadilishiwa gasketi ya sampu (bakuli la oili lililo chini ya injini) ilhali uvujaji uko juu. Osha injini iliyopoa kwa dawa ya kuondoa grisi, ukiwa umefunika altaneta (jenereta ya gari) kwa nailoni, iache ikauke, endesha gari siku moja au mbili, kisha mulika kwa tochi kutoka juu kwenda chini. Sehemu ya juu kabisa iliyolowa ndiyo ya kushukiwa kwanza.

Katika Toyota Corolla 110 na magari ya rika lake, mara nyingi chanzo ni gasketi ya tapeti kava, yaani kifuniko cha juu cha injini, ambayo mpira wake hukakamaa kwa joto la miaka mingi, oili ikapenya na kudondokea kwenye ekzosi, na dereva akasikia harufu ya kuungua akiwa kwenye foleni. Chomoa waya za plagi utazame matundu yake: ukikuta oili humo, mipira ya matundu hayo nayo ibadilishwe. Nati zikazwe kidogo kidogo kwa zamu, kwa kipimo cha mtengenezaji. Silikoni isifanywe mbadala wa gasketi, kwani ikizidi, vipande vyake humeguka, vikaanguka kwenye sampu na kuziba chujio la pampu ya oili, na injini iliyokuwa ikivuja tu ikafa kwa kukosa oili.

Jambo ambalo mafundi wengi hulipita ni vali ya PCV, inayotoa gesi zinazojikusanya ndani ya injini. Ikiziba kwa uchafu, presha hupanda na kuisukuma oili kwenye sili (mipira inayozuia oili isitoke), hata zikiwa mpya. Ichomoe na uitikise. Isipotoa mlio wa kugongagonga ndani, nunua nyingine kabla ya kugharamia sili yoyote.

Sili ya nyuma ya krenkshafti, mhimili mkuu unaozunguka ndani ya injini, hudai giaboksi ishushwe, kwa hiyo kama uvujaji ni mdogo, ni busara kusubiri zamu ya kubadilisha klachi. Ukiwa unasubiri, pima oili kila wiki, gari likiwa mahali tambarare na injini imezimwa kwa dakika kumi hivi. Taa nyekundu ya oili ikiwaka njiani, simama na uzime injini papo hapo.