SOMO: Kisu cha kwanza cha mfukoni, kukichagua na kukinoa hadi kikate kweli

Wakuu, maswali ni mawili na hayabadiliki: ninunue kisu gani cha kukunja, na mbona nimekinoa mpaka mkono umechoka lakini hakikati? Hilo la pili ndilo linaloniuma, maana wanaouliza huwa wamefanya kazi kubwa kabisa, wakaacha hatua moja au mbili tu kabla ya mwisho. Naandika yote hapa ili nisirudie tena. Someni mpaka chini ndipo muulize.

KUCHAGUA

Urefu: sentimita 6 hadi 8 za makali zinatosha kufungua maboksi, kukata kamba, kuchonga kijiti, kumenya tunda. Kikizidi hapo kitakulemea mfukoni na utaanza kukiacha nyumbani.

Chuma: msikimbilie vyuma vya bei kubwa kwa kisu cha kwanza. S30V na M390 hukaa na makali muda mrefu kwa sababu vina vanadiamu, metali ambayo ikishikana na kaboni hufanya chembe ngumu mno ndani ya chuma. Chembe hizo hizo ndizo zinazokataa kinoo, na anayejifunza atasugua nusu siku asione badiliko. Chukua chuma kinachokubali kunolewa. Victorinox hutumia chuma kisichoshika kutu chenye ugumu wa takriban 56 kwa kipimo cha Rockwell C. Makali yake huisha mapema, lakini dakika chache za kinoo huyarudisha. 14C28N na 8Cr13MoV pia ni vyuma vizuri vya kujifunzia. Chuma cha kaboni hunoleka kwa raha kuliko vyote hivi, ila kinataka kufutwa kila baada ya kazi, la sivyo kutu itakuwahi.

Unene: watu hawauangalii, nao ndio unaoamua ukataji kuliko jina la chuma. Tazama unene wa ubapa pale juu kidogo ya makali. Ubapa mnene hupasua boksi badala ya kulikata, hata ukiwa umenolewa vizuri. Mgongo wa milimita 2 hivi, unaopungua taratibu hadi kwenye makali, ni kisu cha kazi.

Kufuli, yaani kinachozuia kisu kisijikunje kikiwa wazi: visu vya springi tu, visivyo nayo, vinakufundisha nidhamu ya kutobonyeza kwa ncha. Vyenye kufuli ni salama zaidi kwa kazi nzito, lakini ijaribu kwanza: fungua kisu, shika mpini mbali na njia ya makali, kisha gonga mgongo wa kisu polepole kwenye mti. Ikiachia, rudisha kisu dukani.

Mpini: ushike kwa nguvu dakika nzima. Kama kuna kona inayokuchoma kiganja sasa hivi, itakutoa malengelenge baadaye.

Sheria: ijue ya mahali ulipo kabla ya kubeba. Hutofautiana sana. Uingereza, kwa mfano, kisu cha kukunja kisicho na kufuli chenye makali yasiyozidi inchi 3 unaweza kutembea nacho bila sababu maalumu. Kikiwa na kufuli, hata kiwe kifupi namna gani, lazima uwe na sababu ya msingi. Na ndege ni ndege: kisu kikae kwenye mzigo unaopakiwa chini, si mkobani.

Ukinibana nitaje majina, nitataja Victorinox yoyote ndogo, au Opinel Na. 8. Hiyo ya pili inatoka Ufaransa, umbo lake ni lile lile tangu 1890, na pete yake ya kufungia iliongezwa 1955. Ubapa ni mwembamba, una sentimita 8.5, umezidi kidogo kipimo nilichotoa juu, lakini mpini wa mbao unakifanya kisu chepesi sana hata husikii kama umekibeba.

KUNOA

Hatua ya 1. Tafuta kinoo cha maji cha namba 1000 (namba ni ya punje: ikizidi kuwa kubwa, kinoo ni laini zaidi). Kikiwa na upande wa pili wa 3000 au zaidi, vizuri, si lazima. Ongeza maka peni, kitambaa na mkanda wa zamani wa ngozi.

Hatua ya 2. Loweka kinoo hadi viputo viishe, kama ni aina ya kulowekwa. Vingine hutaka kumwagiwa maji tu.

Hatua ya 3. Kiweke juu ya kitambaa kibichi kisiteleze.

Hatua ya 4. Elekeza makali juu, chini ya taa. Makali yenyewe hayaonekani, kwa sababu ni pande mbili zimekutana na hazikuacha nafasi ya mwanga kutua. Ukiona kimstari kinameta, hapo ni butu. Kumbuka mahali pake.

Hatua ya 5. Pembe. Nyuzi 15 hadi 20 kila upande. Kunja kona ya karatasi katikati mara mbili: 90 inakuwa 45, 45 inakuwa 22 na nusu. Simamisha kikunjo hicho juu ya kinoo, laza kisu chini kidogo ya hapo. Kwa ubapa wa upana wa sentimita 2, mgongo ukiinuka milimita 6 hivi uko kwenye nyuzi 17 na ushee. Paka maka peni kwenye mteremko wa makali, ule ukanda mwembamba unaoshuka hadi ukingoni, sugua mara mbili tatu, utazame. Wino ukitoka juu tu, upande wa mgongo, inua mgongo. Ukitoka ukingoni tu, ushushe. Ukitoka wote, hiyo ndiyo pembe ya kisu chako, ishike.

Hatua ya 6. Upande wa kwanza, mpaka uzi utokee. Hapa ndipo kazi yote ilipo, na ndipo watu wanapoikatisha.

Unaposugua upande mmoja, chuma hupungua mpaka mteremko wako unafika kwenye ncha kabisa ya makali. Ukishafika, chuma hakina pa kwenda, kinajikunja kuelekea upande wa pili na kufanya uzi mwembamba sana. Uzi huo ndio ushahidi pekee kwamba umefika. Si idadi ya misuguo, si muda, si matope meusi juu ya kinoo. Kabla ya uzi kutokea, kimstari kile cha butu bado kipo, na hata ukihamia kinoo cha namba 10000 utakuwa unang'arisha mabega ya makali huku kilele hujakigusa.

Kuupata: weka kidole gumba upande ambao HUKUUNOA, kitelezeshe kutoka mgongoni kuelekea makali na utoke nje. KAMWE usipitishe kidole kufuata urefu wa makali. Ukiogopa kidole, tumia pamba: ivute kwa njia hiyo hiyo, uzi utanasa nyuzinyuzi zake. Na uzi uwe urefu wote, kuanzia karibu na mpini hadi ncha. Ukiupata katikati tu, hujamaliza. Ncha husahaulika zaidi kwa sababu ubapa unapinda. Ukikaribia pale, inua mpini kidogo ili mpindo nao uguse kinoo. Ukiinua kupita kiasi utaviringisha ncha, na kuirudisha kunakula chuma kingi.

Hatua ya 7. Geuza, fanya upande wa pili hadi uzi uhamie kwenye upande ulioanza kuunoa.

Hatua ya 8. Kuondoa uzi. Hatua ya pili inayorukwa, na yenye udanganyifu mwingi kuliko zote. Kisu chenye uzi hukata karatasi vizuri ajabu, unafurahi, unakikunja, kesho kinashindwa na kamba, kwa sababu uzi ule ni chuma dhaifu kilicholala na kukatika kwenye kazi ya kwanza. Kwa hiyo punguza nguvu mpaka ibaki karibu uzito wa kisu peke yake, nenda makali mbele, msuguo mmoja upande huu, mmoja upande ule, ukipapasa pande zote mbili kila baada ya misuguo michache. Ukiacha kuusikia kote, simama.

Hatua ya 9. Mkanda wa ngozi, mgongo mbele, makali yakifuata nyuma. Mara kumi kila upande, mkono mwepesi. Ukikandamiza, ngozi inabonyea na kuviringisha makali.

Hatua ya 10. Kata karatasi ya kawaida. Ikikwama mahali, pafanyie tena hatua ya 6 hapo. Osha, kausha, tone la mafuta kwenye bawaba. Basi.

MASWALI NA MAJIBU

kizibo77: Mkuu somo zuri, sijamaliza lote. Pembe ni ngapi?

Mwandishi: Hatua ya 5.

kizibo77: Na nisugue mara ngapi kila upande?

Mwandishi: Hatua ya 6 imeeleza kwa nini hakuna idadi. Isome.

Tandabelua: Kuna kile kinoleo cha kuvuta, chenye umbo la V. Sekunde tano umemaliza. Kwa nini tujitese na maji na karatasi za kukunja?

Mwandishi: Kwa sababu kile hakinoi, kinakwangua. Vile vipande viwili vigumu vinachuna chuma kwa urefu wa makali na kuyaacha yamechanika, pembe ni moja iwe inafaa kisu chako au haifai, na sehemu iliyo karibu na mpini mara nyingi hakifiki. Ukipenda kitumie, kisu ni chako. Lakini usije baada ya miezi kuniuliza kwa nini makali yameingia ndani kama mwezi mchanga.

Tandabelua: Usikasirike mkuu, nimeuliza tu.

Mwandishi: Sijakasirika. Nimeona visu vizuri vingi vikiishia hivyo.

Bint Seremala: Shikamoo mwalimu. Nimefuata hatua zote, kisu kimekata karatasi bila sauti. Lakini nimegundua kitu: nikiishia 1000, kamba ya katani inakatika haraka kuliko nikiendelea hadi 6000. Nilidhani namba kubwa ndiyo ukali zaidi?

Mwandishi: Marahaba dada, umeona jambo ambalo wengi hawalioni. Kinoo cha 1000 huacha mikwaruzo inayofika hadi kwenye kilele, na kilele kinakuwa na vijino vidogo sana. Ukikata kwa kuvuta, kama kamba au boksi, vijino hivyo hung'ata nyuzi. Kinoo cha 6000 huvifuta, makali yanakuwa laini, na hapo yanafaa kazi ya kusukuma: kuchonga mti, kulainisha mbao. Wewe kazi yako ni mbao, kwa hiyo visu vya kuchongea vipeleke juu, cha mfukoni kiishie 1000 na mkanda. Jaribu pia kuishia 1000 bila kupitisha mkanda sana, utaona tofauti kwenye kamba.

Bint Seremala: Asante sana. Patasi zetu nazo tunazipeleka juu, sasa nimejua sababu.

MwanaMsitu: Fundi wangu alinolea kisu kwenye mashine ya kusagia. Sehemu ya ncha imegeuka rangi ya samawati. Ni urembo au?

Mwandishi: Pole. Ni joto. Chuma kikifika nyuzi 300 hivi za Selsiasi hupata rangi hiyo, na kwa vyuma vingi vya kaboni ugumu wa pale umeshapungua. Kitanoleka, lakini ncha itabutuka upesi kuliko sehemu nyingine. Ukisugua polepole kwa miezi, utapita eneo lililoungua na kufikia chuma kizima, kama rangi haijaingia ndani sana. Wanaotumia mashine wachovye kisu majini kabla hakijapata moto, si baada ya rangi kutokea.

Mshona_Viatu: Nyongeza kuhusu mkanda: tumieni upande wa ngozi usio na rangi wala vanishi, na mbandike juu ya ubao ulionyooka. Ukining'inia hewani unabonyea, na ndio huo mviringo uliousema.

Mwandishi: Sahihi kabisa, kaka. Nilipaswa kuliandika hilo kwenye hatua ya 9. Wasomaji, fuateni la Mshona_Viatu.

MwanaMsitu: Na tusio na kinoo kabisa tukiwa safarini?

Mwandishi: Geuza kikombe cha kauri. Ule mduara wa chini usio na mng'ao ni mgumu kuliko chuma cha kisu. Unarudisha makali yaliyochoka kidogo. Kisu butu kabisa hautakiponya.

kizibo77: Nimerudi, nimesoma yote. Uzi nimeupata upande wa kwanza, urefu wote. Upande wa pili unatokea kwenye ncha na karibu na mpini, katikati haupo hata nikisugua.

Mwandishi: Hilo ni swali zuri, ahsante kwa kurudi. Kinoo chako kimechimbika katikati. Chora miraba ya penseli juu yake yote, kisha kisugue kwenye msasa uliolazwa juu ya kioo, na maji. Mistari ya kingoni itafutika kwanza, ya katikati mwisho. Yote ikitoka, kinoo kimenyooka. Ukimaliza, punguza zile kona zake nne kwa msasa huo huo, maana zikiwa kali hukwaruza ubapa.

kizibo77: Msasa namba ngapi?

Mwandishi: 220 unatosha. Suuza kinoo vizuri baadaye, punje za msasa zisibaki juu yake.