SOMO: Kubadili njia ukiwa tayari barabarani (kwa wanaotembea Mwanza hadi Dar kwa miguu)

Wakuu salaam. Kwa wa kwetu, mwangaluka.

Kila mwaka mvua zikikatika, simu yangu inaanza. "Kaka nipo Tinde, nipitie Kahama?" "Nimefika Nzega, naweza kukunja Tabora?" Nimejibu kwa ujumbe, nimejibu kwa sauti, nimejibu saa sita usiku. Leo naandika yote mara moja ili nikiulizwa nitume hapa.

Nilitembea kutoka Kirumba hapa Mwanza hadi Dar mwaka 2022. Siku 47, sita kati ya hizo za kupumzika, na njia niliyofikia siyo niliyopanga. Sizungumzii viatu wala mazoezi. Naandika kwa ajili ya mtu ambaye yuko njiani tayari na moyo umeanza kumvuta pembeni.

Njia ya kawaida: Mwanza, Usagara, Misungwi, Shinyanga, Tinde, Nzega, Igunga, Singida, Manyoni, Dodoma, Gairo, Morogoro, Chalinze, Dar. Ni zaidi ya kilomita 1,100. Pa kukunja penye maana ni Usagara (kulia kwenda Kigongo na Geita), Tinde (Kahama) na Nzega (Tabora). Dodoma inafunguka tena: Kondoa juu, Mtera na Iringa chini.

Hatua ya 1. Usiamue jioni. Mwili uliochoka huona kila njia nyingine ni fupi. Lala, kunywa uji, ndipo uamue.

Hatua ya 2. Taja sababu kwa sentensi moja. Goti, maji, malori, hamu. Hamu nayo ni sababu halali. Mimi nilikunja Nzega kwa sababu nilitaka kuona Kwihara, karibu na Tabora, pale Livingstone na Stanley walipokaa mwaka 1872, na miembe ya njia ya zamani ya misafara. Sijutii hata kidogo.

Hatua ya 3. Hesabu maji kabla ya kilomita. Kwenye lami ya kwetu unadekezwa bila kujua, kwa sababu maji ya ziwa yanakufuata kwa bomba: Shinyanga, Nzega, Igunga, mpaka Tabora. Unazoea kukuta bomba, unabeba lita mbili, mgongo mwepesi. Ukitoka Tabora kuelekea Nyahua, Chaya na Itigi (njia inayorudi barabara kuu pale Manyoni bila kupita Singida) unaingia msitu wa miombo, vijiji vinaachana, na mazoea yale yanakuwa hatari. Mimi hunywa lita 5 hadi 6 kwa siku ya kilomita 30 kwenye jua la Agosti. Nilikuwa na 3. Kabla ya kukunja, muulize dereva wa lori, muulize mfugaji, muulize mwendesha bodaboda: "Kutoka hapa maji ya kunywa yako wapi, na baada ya hapo yako wapi?" Waulize watatu, kila mmoja peke yake. Majibu yakipishana, shika la yule anayesema ni mbali. Maji ya lambo yachemshe au uyatie vidonge vya klorini, hata kama wenyeji wanayanywa mbele yako.

Hatua ya 4. WAAMBIE WATU, NA WAKUJIBU. Hapa ndipo nilipoharibu, kwa hiyo nisomeni polepole.

Dada yangu yuko Singida. Kabla sijaondoka nilimtumia kifurushi kwa basi: viatu vya pili, soksi, dawa. Tulikubaliana siku ya kufika. Nilipokunja Nzega nilimpigia mama tu, nikamwambia "napitia Tabora kwanza." Mama akaelewa kwamba Tabora iko njiani kwenda Singida. Mimi nikaelewa kwamba mama atamwambia dada. Nilipofika Kwihara nikaweka picha kwenye stetasi nikaona nimemaliza kutoa taarifa. Dada hana simu ya kuona stetasi. Siku niliyotarajiwa Singida mimi nilikuwa karibu na Nyahua, simu imezima, pawabenki imekauka. Dada alikaa stendi siku ya kwanza. Siku ya pili akaanza kuuliza madereva wanaotoka Igunga kama wameona mtu mwenye begi la kijani ameanguka pembeni ya barabara. Siku ya tatu akaenda polisi. Mama alikuwa akilala sebuleni, simu mkononi, kwa sababu chumbani mtandao ni hafifu. Nilipochaji simu Itigi nilimpigia mama, naye hakuongea. Alilia mpaka salio likaisha. Mama yangu ana sukari. Sitaki mzazi wa mtu mwingine apite pale.

Basi ujumbe wa kubadili njia uwe na mambo haya, yote: nilipo sasa, ninakokunja, mahali patatu panapofuata na tarehe zake, eneo ambalo simu inaweza kukosa mtandao, na tarehe ya kuanza kuhangaika. Hiyo ya mwisho ndiyo muhimu kuliko zote. Mwambie: "Usiponisikia hadi Alhamisi jioni, mpigie mtu wa Itigi." Na huyo mtu wa Itigi awepo kweli, awe na namba. Mtumie kila mmoja anayekungoja, mmoja mmoja, mpaka akurudishie njia mpya kwa maneno yake mwenyewe. "Sawa" siyo jibu. Stetasi siyo taarifa. Kumwambia mmoja siyo kuwaambia wote. Kama hujajibiwa, hujakunja: kaa hapo hapo njia panda, kunywa chai, subiri.

Kifurushi nacho kina njia yake. Changu kilirudi Manyoni kwa basi, nikakipata baada ya kutembea siku tano na soli iliyopasuka.

Hatua ya 5. Barua ya utambulisho ya serikali ya mtaa iandikwe "Mwanza hadi Dar es Salaam", isitaje kila mji. Ukikunja, kijiji cha kwanza cha kulala nenda kwa mtendaji au mwenyekiti kabla jua halijazama. Kwetu Usukumani na Unyamwezi sungusungu wanalinda kweli, na mgeni anayeingia gizani na begi kubwa lazima ahojiwe. Wana haki.

Hatua ya 6. Weka mahali pa kugeukia. Ukifika hapo na maji yaliyobaki hayafiki nusu, rudi.

Hatua ya 7. Ukitaka kupanda gari kuruka kipande kibaya, panda. Hakuna anayekudai.

Maswali karibuni.

MASWALI

Mtu wa Buhongwa: Mkuu sijasoma yote, ni ndefu. Kwa kifupi, Nzega nikunje au nisikunje?

*Jibu:* Hatua ya 3 na ya 4. Soma hizo mbili kisha uulize.

Kapipi: Unatisha watu bure. Siku hizi kuna ramani kwenye simu, barabara ya Tabora hadi Manyoni ni lami tupu.

*Jibu:* Lami ipo, nimeikanyaga kwa miguu yangu. Ramani inakuonyesha lami, haikuonyeshi kama bomba la kijiji linatoa maji leo. Na simu ikizima, ramani imezima.

Kapipi: Bado siku 47 ni nyingi. Mimi siku 30 natoboa.

*Jibu:* Siku 30 ni karibu kilomita 40 kila siku bila siku moja ya kukaa. Wapo wanaoweza. Mimi sikuwa nikishindana, na somo halihusu kasi.

Binti Sengerema: Kaka, asante kwa kuandika habari ya mama yako. Nina swali. Nataka kutoka Mwanza kwenda Bukoba kwa miguu. Zamani watu walikuwa wanapanga siku nzima kwa ajili ya kivuko cha Kigongo. Sasa hivi daraja limebadilisha nini? Na mwanamke peke yake unamshauri nini kwenye kulala?

*Jibu:* Dada, swali zuri. Daraja la Kigongo–Busisi lilifunguliwa Juni 2025, ni kama kilomita 3, kwa hiyo ule muda wa kusubiri kivuko uutoe kwenye mpango. Lakini usiujaze kwa kusogeza kituo cha kulala mbele. Vuka, lala mapema, anza alfajiri. Juu ya maji upepo ni mkali mchana, funga kofia vizuri. Mbele ya Chato, kuelekea Biharamulo na Muleba, kuna misitu na hifadhi ya Burigi-Chato. Vipande hivyo usivitembee peke yako, panda gari, hatua ya 7 iliandikwa kwa ajili hiyo. Kuhusu kulala: dada wawili niliokutana nao Manyoni walikuwa wakipanga kituo cha siku kwa kuangalia parokia, zahanati au gesti iliyo karibu na stendi, na kila jioni walimpigia mama mwenye nyumba wa jana yake kumwambia wamefika. Hiyo ya kumpigia mwenyeji wa jana niliiga, ni nzuri sana, maana yeye anaijua njia uliyopita kuliko ndugu zako.

Binti Sengerema: Nimeandika. Ubarikiwe kaka.

Ngosha wa Magu: Naenda Musoma, nataka kukata ndani ya Serengeti kutokea Lamadi nisipige kona ya Bunda.

*Jibu:* Hapana. Hifadhi ya taifa haitembewi hivyo, na simba hawaulizi unakwenda wapi.

Ngosha wa Magu: Sawa, nitafuata barabara kuu basi.

*Jibu:* Hata barabara kuu, pale Ndabaka hifadhi inagusa lami na wanyama wanavuka. Kipande kile panda gari. Na ukilala ufukweni upande huo, hema liwe mbali na maji. Kiboko hutoka usiku kula majani na hukanyaga kilichoko njiani kwake. Miguu pia usiiloweke ziwani ukiwa umechoka, kichocho kipo. Ukifika salama, ujue umepita nchi aliyotembea Mwalimu kutoka Butiama kuja Mwanza Oktoba 1967, ila yeye alitoka kule unakokwenda.

Mwanafunzi wa Historia: Mkuu, umetaja misafara ya zamani. Wapagazi wetu walitembea hadi pwani na mizigo kichwani. Wao walibadilije njia bila simu wala ramani?

*Jibu:* Hili nimelingoja. Kwanza, ule msitu kati ya Tabora na Ugogo ulionikausha mimi, wao waliuita Mgunda Mkali. Waliuogopa kwa ajili ya maji. Walikuwa na ufundi wa kuuvuka, safari ya mchana iliyoitwa tirikeza: wanakunywa na kujaza vibuyu asubuhi, wanapumzika, wanaondoka jua likishaanza kushuka, wanalala porini pasipo maji, kisha alfajiri wanamalizia hadi kwenye kisima kinachofuata. Yaani pengo la siku moja na nusu wanaligawa ili usiku wenye baridi uwe katikati. Mimi ningelijua hilo kabla nisingeteseka. Sasa ndilo ninalowafundisha wenzangu: pengo likiwa kubwa, usianze asubuhi, anza saa tisa alasiri.

Sababu nyingine ya kukwepa njia ilikuwa hongo ya kupita kwenye nchi za watemi, hasa Ugogo, na habari za njaa au vita mbele. Misafara inayorudi ndiyo iliyokuwa simu yao, waliulizana njiani. Na hata wageni walibadili: mwaka 1858 mpelelezi Mwingereza Burton aliugua pale Tabora, wakiita Kazeh, mwenzake Speke akakunja kaskazini akiwa na wapagazi akafika kwetu Mwanza, akaliona ziwa Agosti 3. Alikwenda kwa sababu ya maneno aliyoyasikia Kazeh kwa watu wanaoijua njia, na njia ilikuwa inajulikana siku nyingi kabla yake.

Mwanafunzi wa Historia: Tirikeza! Naandika kwenye daftari. Miembe ipo bado?

*Jibu:* Mingine mikubwa mno, watu wawili hawaikumbatii. Kaa chini yake saa sita mchana utaelewa kwa nini waliipanda.

Kijana wa Igoma: Mbung'o walinila mimi huko Nyahua nikiwa na boda. Kwa miguu si watanimaliza?

*Jibu:* Usivae bluu wala nyeusi, rangi hizo zinawavuta. Kaki au rangi ya udongo, mikono mirefu.

Fundi Viatu Mabatini: Naongezea. Soli ikipasuka, usisubiri mji mkubwa. Fundi wa katambuga yupo kila gulio, kipande cha tairi na misumari mifupi kinakufikisha. Mapaja yakichubuka, mafuta ya mgando kila asubuhi kabla hujaanza, siyo baada.

*Jibu:* Asante fundi. Ningekuwa na maarifa haya Itigi.

Mtu wa Buhongwa: Nimesoma zote mbili. Nipo Shinyanga. Nimempigia mke wangu, kaka yangu na mjomba wa Singida, kila mmoja amenirudishia njia. Mjomba alikosea Itigi akasema Igunga, nikamrekebisha. Nzega nakunja.

*Jibu:* Vizuri sana ndugu yangu. Mjomba huyo huyo ndiye wa kumpigia tena ukifika Tabora. Jaza lita 6, kidumu cha lita 5 na chupa moja. Nitumie tarehe yako ya kuhangaika, na mimi nitaishika.

Mtu wa Buhongwa: Jumatano ijayo jioni. Chakula cha porini nibebe nini, viazi vitamu vya kukausha vya michembe au vya matobolwa?

*Jibu:* Matobolwa. Yameshachemshwa, unatafuna ukitembea. Michembe inataka sufuria, maji na moto, na maji ndiyo usiyokuwa nayo. Changanya na karanga. Dagaa wa Mwaloni, soko letu la samaki, acha kwanza, kiu yao itakumalizia kidumu.