Kusoma saikolojia ya kwanza mtandaoni kwenye komuniti koleji (chuo cha miaka miwili), Texas: hatua nilizopita mwenyewe na nilizompitisha mwenzangu

Juzi juzi nimemaliza kumsaidia dada mmoja wa Kikongo tunayefanya naye kazi usiku kwenye nyumba ya wazee hapa Fort Worth. Yeye kakulia kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Kigoma, mimi ni wa Morogoro, wote tunautaka unesi na wote tumekutana na mlango uleule: bila kozi ya saikolojia hauingii. Mimi niliipita mwaka jana kwa jasho, yeye kaipita semista hii na B. Naandika kabla sijasahau, manake kila wiki kuna mtu ananipigia na najikuta naelezea yaleyale upya.

Niseme mapema kabisa, hii kozi haimshindi mtu kwa ugumu. Inamshinda kwa kalenda, na kwa wingi wa Kiingereza cha kusoma. Kwa hiyo hatua nyingi hapa chini ni za kalenda.

Hatua ya 1: Kujiandikisha

Omba chuo, jaza FAFSA (fomu ya kuomba msaada wa serikali kuu wa kulipia masomo), onana na advaiza, yaani mshauri wa masomo. Hii mnaijua. Ila kama ni mkimbizi, au umepewa hifadhi, au una grinikadi, unaruhusiwa kujaza FAFSA, usidanganywe kwamba mpaka uwe raia. Kingine, jina unaloandika kwenye maombi ya chuo lifanane herufi kwa herufi na kitambulisho chako cha jimbo. Sababu utaiona hatua ya 7.

Hatua ya 2: Kuchagua darasa

Kwenye koleji za umma Texas kozi inaitwa PSYC 2301, krediti 3, na ukihamia chuo kikuu cha umma cha hapahapa jimboni unahama nayo. Usiichanganye na PSYC 2314, ile ni ya makuzi ya binadamu toka tumboni mpaka uzeeni. Programu nyingi za unesi zinazitaka zote mbili, we anza na 2301.

Chukua ya wiki 16. Najua ya wiki 8 inavutia, unaona nitamaliza fasta nisogee mbele, ila mambo ni yaleyale yamebanwa kwenye nusu ya muda, maana yake sura mbili kwa wiki, kwizi (mitihani midogo) mbili, diskasheni (majadiliano ya kuandika mtandaoni), na we unatoka shifti saa moja asubuhi unapeleka watoto shule. Mwenzangu Kiingereza kwake ni lugha ya nne, baada ya Kibembe, Kiswahili na Kifaransa. Sura niliyokuwa naisoma mimi masaa matatu, yeye mwanzoni ilikuwa inamla masaa sita. Kwa wiki 8 asingetoboa na asingekuwa na kosa lolote.

Halafu angalia kama darasa ni asinkronasi, yaani halina saa maalum ya kuingia. Kuna madarasa ya mtandaoni ambayo bado yanakutaka kwenye Zoom Jumanne na Alhamisi saa fulani, hayo kwa mtu wa shifti sio mtandaoni kitu. Soma maelezo ya darasa mpaka mwisho kabla hujabonyeza.

Hatua ya 3: Wiki ya kwanza

Fungua Canvas (tovuti yenye darasa lenyewe), pakua silabasi (mpango wa kozi nzima), toa dedilaini zote uziandike kwenye kalenda ya karatasi ukutani. Sio kwenye simu. Simu inakukumbusha ukiwa unamgeuza mgonjwa, unazima, imepita.

Na muhimu, kuingia tu Canvas ukachungulia ukatoka hakuhesabiki kama umehudhuria. Sheria ya msaada wa serikali kuu inataka kitu cha kimasomo: umetuma kazi, umefanya kwizi, umeandika kwenye diskasheni ya somo. Texas kwenye semista ya wiki 16 kuna siku ya 12 ya masomo ambapo chuo kinahesabu nani yumo. Ukifika hapo hujafanya chochote unaweza kutolewa darasani na hela ya msaada ikayumba. Kwa hiyo ile kazi ndogo ya kujitambulisha wanayoweka wiki ya kwanza, hata kama ina pointi 5 tu, ifanye siku ileile ya kwanza.

Hatua ya 4: Kitabu

Usikimbilie kununua. Madarasa mengi yanatumia kitabu cha bure cha OpenStax, hawa wako Chuo Kikuu cha Rice hapohapo Houston, kina sura 16, unapakua PDF unaondoka nayo. Hata kama profesa kaagiza kingine cha hela, mimi naweka na hicho pembeni manake Kiingereza chake kinaeleweka. Ila hakikisha kwanza kama kitabu alichoagiza kinakuja na kodi (namba maalum ya kuingilia mtandaoni) ya kufanyia kazi za nyumbani, hapo huna ujanja, lazima ununue.

Hatua ya 5: Kusoma kwenyewe

Sisi tumefundishwa kukariri. Unasoma noti mara tano, unapiga mstari, unajiona umeiva. Saikolojia yenyewe ndiyo inakwambia hiyo njia ni dhaifu, na kwangu hapo ndipo kozi ilipoanza kuwa tamu. Mwaka 1885 Mjerumani Hermann Ebbinghaus alichapisha majaribio aliyojifanyia mwenyewe kwa silabi zisizo na maana, akaonyesha kwamba tunasahau sehemu kubwa mapema, halafu kasi inapungua. Mwaka 2006 wanasaikolojia Roediger na Karpicke wakawapa wanafunzi vifungu vya kusoma: waliorudia kusoma walikumbuka zaidi baada ya dakika 5, lakini baada ya wiki moja waliofunga karatasi wakajijaribu ndio walikumbuka zaidi. Dakika 5 wanashinda wakariri, wiki moja wanashindwa. Mtihani unakuja baada ya wiki.

Kwa hiyo soma kipande, funika, jiulize kwa sauti, jibu kwa Kiswahili kwanza halafu kwa Kiingereza. Sisi tulikuwa tunakata maboksi ya siriali kuwa kadi, mbele neno, nyuma mfano wa kwetu. Kuna programu za kadi za kwenye simu, sizipendi, kadi anakuwa kaziandika mtu mwingine kwa mifano ya kwake na we hujatoa jasho la kufikiri mfano.

Mfano wa kwetu ndio unaokomboa. Pavlov, yule Mrusi aliyezoesha mbwa kutoa mate kwa mlio tu, tulimwelewa kwa baiskeli ya lambalamba: lambalamba yenyewe inakutoa mate bila kufundishwa, mlio wa baiskeli mwanzoni hauna maana, ukishazoea mlio na lambalamba pamoja, mlio peke yake unakujaza mate mdomoni. Nikimwuliza kichocheo kilichofundishwa ni kipi, anajibu mlio, hakosei tena.

Sehemu inayoliza watu wote ni rinfosimenti ya negativu. Kila mtu anadhani ni adhabu. Sio. Rinfosimenti maana yake tabia inaongezeka, iwe pozitivu au negativu. Negativu hapo ni kama alama ya kutoa kwenye hesabu, kuna kitu kibaya kimeondolewa. Unatundika chandarua, mbu anaacha kukulilia sikioni, kesho unatundika tena bila kuambiwa. Tabia imeongezeka kwa sababu kero imeondoka. Adhabu tabia inapungua: mtoto kamwaga uji, kafinywa, hamwagi tena, hiyo ni adhabu pozitivu manake kuna kitu kimeongezwa. Ukimnyang'anya simu ili aache utundu hiyo ni adhabu negativu. Ukikutana na swali jiulize mawili tu: tabia imepanda au imeshuka, kitu kimeongezwa au kimetolewa. Mimi kwizi ya kwanza ya sura hiyo nilikosa maswali manne kwa hili peke yake.

Sura ya ubongo na nyuroni (seli za neva) msiiogope, chora. Chora sehemu zake, aksoni, dendraiti, na sinapsi zinapokutana, kila siku mara moja bila kuangalia, siku nne inatosha.

Hatua ya 6: Diskasheni

Kwa kawaida post ya kwanza ni katikati ya wiki na majibu mawili kwa wenzako ni Jumapili usiku. Watu wanapoteza pointi hapa kwa kutuma zote Jumapili. Andika mwenyewe, na Kiingereza chako hichohicho, usiandikiwe na akili bandia, maprofesa wanaona sentensi laini za wiki hii na za wiki ijayo zimevunjika, na kesi ya udanganyifu inakufuata mpaka kwenye maombi ya unesi.

Kuna kingine nataka niliseme taratibu. Maswali ya diskasheni yanapenda kuuliza kumbukumbu ya utotoni, au tukio lililokubadilisha. Kwa mtu aliyetoka Kivu, mashariki ya Kongo, akiwa mdogo hilo swali sio jepesi. Mwenzangu aliacha kazi wiki nzima kwa sababu ya swali moja, nikadhani ni uvivu kumbe analia usiku. Haulazimiki kuwaelezea watu 30 usiowajua vita vyenu. Chagua kumbukumbu ndogo, yeye aliandika kuhusu foleni ya maji kambini na wimbo waliokuwa wanaimba wakisubiri, akapata pointi zote. Sura ya magonjwa ya akili, hasa pale kwenye msongo unaobaki baada ya maafa, isome mchana, ukiwa na mtu nyumbani. Na vyuo vingi vina mshauri wa bure kwa wanafunzi, hata wa mtandaoni, yeye alienda mara tatu na hakuna aliyemwona mwendawazimu.

Hatua ya 7: Mtihani wa kamera

Hapa ndipo nilipopoteza usiku mzima, kwa hiyo vumilieni urefu.

Madarasa mengi ya mtandaoni yana mitihani inayofanyika ndani ya brauza maalum inayofunga kompyuta yote, huku kamera inakurekodi. Mtihani wangu wa kwanza ulikuwa maswali 50 kwa dakika 60, na mlango unafungwa saa 5 na dakika 59 usiku. Nikakaa saa 3 usiku nikiwa na uhakika. Programu ikasema inataka toleo jipya, kupakua dakika 25. Ikafunguka, ikakataa kwa sababu kuna programu nyingine inafanya kazi nyuma, nikatafuta ipi, ilikuwa ya kupigia simu za video. Nikawasha upya. Ikaja kwenye kitambulisho, taa ya jikoni inapiga kwenye plastiki, picha inatoka nyeupe. Mara ya tano ikakubali. Kisha jina: darasani nipo kwa majina mawili, kitambulisho kina matatu. Ikagoma. Saa 5 na nusu bado sijaona swali hata moja.

Kilichoniokoa ni kwamba kila ilipokataa nilipiga picha ya skrini yenye saa, nikamtumia profesa imeili saa 5 na dakika 40, kabla ya dedilaini, sio baada. Akanifungulia masaa 24. Ungekuwa umetuma asubuhi ingekuwa hadithi nyingine.

Sasa fanyeni hivi. Siku tatu kabla, weka programu na ufanye kwizi ya majaribio, karibu kila profesa anaweka, kama hajaweka muombe. Usitumie laptopu ya mtoto ya shule wala ya kazini, hizo zimefungwa na wenyewe na hutaweza kuweka programu. Simu usiiwazie. Kama huna laptopu uliza maktaba ya chuo, nyingi zinaazimisha laptopu na hata kifaa cha intaneti. Jina lirekebishwe mapema ofisi ya usajili, sio kwa profesa, yeye hawezi. Hii ni kwa Wakongo hasa, manake makaratasi ya ukimbizi mara nyingi yamegeuza jina la ukoo likawa la kwanza, mwenzangu ilimchukua wiki mbili kunyoosha.

Siku yenyewe kaa uso kwa mwanga, sio mgongo kwa dirisha. Meza iwe tupu. Utaombwa kuzungusha kamera chumba kizima, toa kalenda na karatasi za ukutani. Waambie watu wa nyumbani, bandika karatasi mlangoni. Na hili hakuna aliyeniambia: sisi tunaosoma Kiingereza huku tunatafsiri kichwani huwa tunachezesha midomo na kunong'ona. Kamera inalihesabu kama unaongea na mtu. Yule dada alipewa alama ya kutiliwa shaka, ikabidi amwelezee profesa. Fanya mazoezi ya kusoma mdomo umefungwa, au mwandikie profesa kabla ya mtihani kwamba ndivyo unavyosoma.

Ushauri wangu wa kweli lakini ni huu: uliza kama unaweza kufanyia kwenye kituo cha mitihani chuoni. Sio kila profesa anakubali, na lazima uweke miadi, ila ukikubaliwa unaenda na kitambulisho chako, unakaa kwenye kompyuta yao, hakuna mtoto, hakuna taa ya jikoni. Mitihani yangu mitatu iliyobaki niliifanyia huko na maksi zikapanda.

Hatua ya 8: Ukizidiwa

Usipotee kimyakimya. Ukiacha madarasa yote kabla ya asilimia 60 ya semista, sehemu ya msaada wa serikali inatakiwa irudi, na deni linaweza kukuangukia. Na Texas ina kikomo cha kozi sita unazoruhusiwa kuziacha kwenye vyuo vya umma kwa shahada yako yote ya kwanza, japo kuna sababu kama ugonjwa mzito zisizohesabiwa. Ongea na advaiza na ofisi ya msaada kabla hujabonyeza kitufe cha kuacha.

Hatua ya 9: Ukimaliza

Subiri gredi itokee kwenye transkripti (rekodi rasmi ya maksi zako), hakikisha imefika C au zaidi, na programu nyingine za unesi zinashindanisha watu kwa gredi hizihizi kwa hiyo B na A zina kazi yake. Kadi za maboksi usizitupe. Sura ya makuzi inarudi yote kwenye 2314, za kwangu sasa hivi anazo yeye na ameshaandikishwa ya Januari, wiki 16.